Ritani ya pamoja Marekani: Fedha zinaweza kurudi, ila saini ni mbili

Fedha zinazotumwa nyumbani na ndugu zetu walioko ng'ambo si habari ndogo tena katika kurasa za biashara. Mwaka 2024 Kenya peke yake ilipokea takriban dola bilioni 4.9 kwa njia hiyo, na Marekani ndiyo iliyokuwa chanzo kikubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Ndizo fedha zinazonunua viwanja, zinazomalizia nyumba za kupangisha, zinazoongeza mtaji wa duka na kuingia katika hisa na hati fungani za serikali. Lakini kabla dola haijamfikia wakala wa kutuma fedha, imekwisha kupita mikononi mwa mtoza kodi wa huko. Na wapo wanandoa wanaomwachia zaidi ya haki yake kwa sababu moja tu: kila mmoja alijaza ritani yake peke yake wakati wangeweza kujaza moja kwa pamoja.

Jambo linalowapita wengi ni kwamba kosa hilo, kama ni kosa, linaweza kurekebishwa baada ya ritani kupokelewa, kodi kulipwa na mwaka kusahaulika. Sheria ya Kodi ya Marekani, kifungu cha 6013, inawaruhusu mume na mke waliowasilisha ritani mbili za mwaka fulani kurudi nyuma na kuzigeuza kuwa moja. Wanapewa miaka mitatu. Njia ya kinyume haipo: waliokwisha kuwasilisha ritani ya pamoja hawawezi, baada ya siku ya mwisho ya kuwasilisha kupita, kuivunja na kurudi kwenye ritani mbili. Ni mlango unaofunguka upande mmoja, na mfanyabiashara yeyote anajua kwamba mlango wa namna hiyo huingiwa kwa hesabu.

Kwanza, faida yenyewe

Tuchukue mfano wa mwaka wa mapato 2024. Mume na mke wanaishi Minnesota. Mume ameajiriwa na amelipwa mshahara wa dola 84,600 kwa mwaka. Mke amefanya kazi miezi michache tu na kupata dola 8,000. Kila mmoja akajaza ritani ya mwanandoa anayejitegemea.

Kwa mwaka huo mwanandoa anayejaza peke yake aliruhusiwa kuondoa dola 14,600 kabla ya kodi kuanza kuhesabiwa. Mume anabaki na dola 70,000 za kutozwa. Dola 11,600 za kwanza zinatozwa asilimia 10, zinazofuata mpaka 47,150 zinatozwa asilimia 12, na zilizobaki asilimia 22. Jumla ni takriban dola 10,450. Mke hana kodi kwa kuwa mapato yake hayakufika hata kiwango cha kuanzia. Angalia kilichotokea hapo: dola 6,600 za nafuu ya mke zimepotea bure. Hakuwa na mapato ya kuzitumia, na mumewe hakuweza kuziazima.

Sasa unganisha. Mapato ya wawili ni dola 92,600. Kiasi kisichotozwa kodi kwa ritani ya pamoja kilikuwa 29,200, hivyo zinabaki 63,400. Asilimia 10 inafika mpaka dola 23,200 na asilimia 12 inafika mpaka 94,300, kwa hiyo hakuna hata senti moja inayogusa asilimia 22. Jumla ya kodi ni takriban dola 7,150. Tofauti ni kama dola 3,300 kwa mwaka mmoja. Kwa kiwango cha shilingi 129 za Kenya kwa dola kilichokuwepo mwaka 2025, hizo ni zaidi ya shilingi laki nne na ishirini elfu. Kwa mkopo wa benki zetu, hizo ni fedha zinazoombwa kwa dhamana.

Siri iko katika tofauti ya vipato. Kadiri mmoja anavyopata nyingi na mwingine kidogo, ndivyo ritani ya pamoja inavyolipa. Wanapokaribiana, faida ya viwango inayeyuka. Weka mume dola 60,000 na mke dola 60,000 mwaka huohuo wa 2024: wakijaza mbalimbali kila mmoja anatozwa dola 5,216, jumla 10,432. Wakijaza pamoja wanatozwa 10,432. Hakuna tofauti hata ya dola moja. Anayewaambia wanandoa wa namna hii kwamba ritani ya pamoja "lazima" irudishe fedha anawauzia maneno.

Hata hivyo hesabu haishii kwenye viwango. Sheria ya Marekani imemnyima mwanandoa anayejaza peke yake nafuu nyingi ambazo wengine wanazipata. Nafuu ya masomo ya chuo, inayofika dola 2,500 kwa kila mwanafunzi katika miaka minne ya kwanza, haipati kabisa. Riba ya mkopo wa masomo hawezi kuiondoa kwenye mapato. Nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini inamponyoka, isipokuwa kwa baadhi ya waliotengana na wanaoishi na mtoto. Ile ya gharama za kulea watoto wakati wazazi wako kazini, nayo kwa kawaida haipo. Basi hata wale wa dola 60,000 kwa 60,000, kama mmoja wao alikuwa chuoni mwaka wa pili na kulipa ada ya dola 4,000, wana dola 2,500 zinazowangoja.

Kwa mwekezaji mdogo kuna mawili ya kutia alama. Aliyeuza hisa kwa hasara anaruhusiwa kuondoa hasara hiyo katika mapato yake ya kawaida mpaka dola 3,000 kwa mwaka, lakini mwanandoa anayejaza peke yake anaishia dola 1,500. (Kiwango cha dola 3,000 kimekaa palepale tangu mwaka 1978. Kila kitu kimepanda bei Marekani isipokuwa hasara.) La pili ni nyumba za kupangisha. Mwenye nyumba anayeisimamia mwenyewe, na mapato yake hayazidi dola 100,000, anaweza kuondoa hasara ya upangishaji mpaka dola 25,000 dhidi ya mshahara wake. Mwanandoa anayejaza peke yake huku akiishi na mwenzake hapati kitu.

Kwa nini wapo waliojaza mbalimbali

Sababu ni nyingi na si zote za uzembe. Mke alifika kutoka Dar es Salaam mwezi wa Novemba na hakuwa na namba ya kodi. Mume yuko Dakota Kaskazini kwenye visima vya mafuta na mke yuko Ohio, kila mmoja akaenda kwa mjazaji wa ritani aliyekuwa karibu. Walikuwa na ugomvi wakati wa Aprili, wakapatana Juni. Au mmoja ana mkopo wa masomo wa serikali ambao marejesho yake ya kila mwezi hupimwa kwa kipato, na kujaza peke yake kulipunguza malipo. Huyu wa mwisho afikiri mara mbili, kwa sababu anachokiokoa kwenye kodi anaweza kukilipa kwenye mkopo.

Wapo pia waliotia alama kwenye kisanduku kisicho chao, na hawa ni kundi la peke yao. Mtu ameoa Mombasa mbele ya kadhi, au ameoa kanisani Arusha, amekwenda Marekani akajaza kwamba ni kapera kwa kuwa "ndoa ya nyumbani haijaandikishwa huku." Hilo si kweli. Idara ya kodi ya Marekani, IRS, inaitambua ndoa iliyofungwa nje ikiwa ndoa ya namna hiyo ingetambuliwa na angalau jimbo mojawapo la nchi hiyo. Kinachotazamwa ni hali yako tarehe 31 Desemba. Uliyekuwa umeoa au umeolewa siku hiyo, umeoa au umeolewa kwa mwaka mzima. Kwa walio na mke zaidi ya mmoja, majimbo hayaitambui ndoa ya pili, hivyo ritani ya pamoja haiwezi kujazwa na mke wa pili, hata kama cheti chake ni halali Zanzibar.

Aliyejiandika kapera hali akiwa na mke ana kosa la kusahihisha, lakini pia ana nafasi ambayo mahakama zimemwachia. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane, ambayo Minnesota iko chini yake, ilisikiliza shauri la mume aliyejaza kama mkuu wa kaya. IRS ilisema hana sifa hiyo, ikamhesabu kuwa mwanandoa anayejaza peke yake, ikamwambia pia amechelewa kuomba ritani ya pamoja kwa sababu amekwisha kufungua shauri katika Mahakama ya Kodi. Mahakama ya rufaa ikasema vizuizi hivyo vinamhusu aliyewasilisha ritani ya mwanandoa wa peke yake, na huyu hakuwasilisha ritani ya namna hiyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Kodi yenyewe ilifuata mkondo huo kwa mume aliyejiandika kapera: hakuwa amechagua kati ya njia mbili zilizo wazi kwa mwanandoa, bali alikosea kisanduku, hivyo yeye na mkewe wakaruhusiwa kujaza pamoja. Si ushauri wa kukosea kisanduku. Lakini aliyekosea asikubali kuambiwa na mjazaji wa ritani wa mtaani kwamba hana la kufanya.

Saa mbili, si moja

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha, na ni vema kupasoma polepole.

Ile miaka mitatu ya kugeuza ritani haianzi siku uliyowasilisha. Inaanza siku ya mwisho ya kuwasilisha kwa mujibu wa sheria, bila kuhesabu nyongeza ya muda. Ritani ya mapato ya 2024 ilitakiwa ifike tarehe 15 Aprili 2025. Basi mlango wa kuigeuza kuwa ya pamoja unafungwa tarehe 15 Aprili 2028.

Saa ya kudai marejesho ni nyingine. Hiyo inahesabu miaka mitatu tangu siku uliyowasilisha ritani, au miaka miwili tangu ulipolipa kodi, yoyote iliyo ya baadaye. Aliyewasilisha kabla ya siku ya mwisho anahesabiwa kwamba amewasilisha siku hiyo ya mwisho.

Sasa fikiri mtu aliyeomba nyongeza ya muda, akawasilisha tarehe 10 Oktoba 2025. Atasikia kwamba anaweza kudai marejesho mpaka tarehe 10 Oktoba 2028, na ni kweli kwa madai mengine: gharama aliyoisahau, nafuu aliyoiacha. Akingoja mpaka Septemba 2028 ili kugeuza ritani kuwa ya pamoja, atakuta saa ya marejesho inaendelea kupiga na saa ya kugeuza imesimama tangu Aprili. Miezi sita ya nyongeza aliyoiomba haimfai hapa.

Na mlango unaweza kufungwa kabla ya miaka mitatu. Ikiwa IRS imemtumia mmoja wa wanandoa notisi ya upungufu wa kodi ya mwaka huo, naye akaenda Mahakama ya Kodi ndani ya muda, basi kugeuza hakuwezekani tena. Vivyo hivyo ikiwa mmoja amefungua kesi mahakamani kudai kodi ya mwaka huo, au amesaini na IRS mapatano ya kumaliza mambo ya mwaka huo. Mume anaweza kuwa amefunga mlango bila mke kujua, hasa kama kila mmoja ana anwani yake. Swali la kwanza kwa mwenzako, kabla ya kikokotoo, liwe ni barua gani amepokea.

Kizuizi kimoja cha zamani kimeondolewa. Kabla ya mwaka 1996 wanandoa hawakuweza kugeuza ritani mpaka walipe kwanza kodi yote ya ritani hiyo ya pamoja. Sheria ya haki za mlipa kodi iliyopitishwa mwaka huo ilifuta sharti hilo, jambo lililowafaa wenye madeni. Riba ya deni inaendelea kuhesabiwa, lakini deni lenyewe si kufuli tena.

Historia fupi, kwa anayetaka kujua ilianzaje

Mpaka mwaka 1948 Marekani ilimtoza kila mtu kwa kichwa chake. Ila majimbo kadhaa ya kusini na magharibi yalikuwa na sheria iliyorithiwa kwa Wahispania na Wafaransa, inayosema kila kinachochumwa katika ndoa ni cha wawili, nusu kwa nusu. Mwaka 1930 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua katika shauri lililotoka jimbo la Washington kwamba wanandoa wa majimbo hayo wanaweza kugawa mapato sawasawa na kila mmoja akatozwa kwa nusu yake. Mwenye kipato kikubwa aliyeishi Seattle akawa analipa pungufu kuliko mwenzake wa New York mwenye kipato kilekile. Majimbo mengine, Oklahoma na Michigan miongoni mwao, yakaanza kubadili sheria zao za ndoa kwa ajili ya kodi. Bunge likaona ni afadhali kuwapa wote. Rais Truman aliikataa sheria hiyo ya 1948, Bunge likaipitisha juu ya kichwa chake, na ritani ya pamoja yenye viwango vya kugawana ikazaliwa.

Mkondo wa kwetu ulikuwa mwingine. Sheria ya kikoloni ilichukua mtindo wa Uingereza, ambako mapato ya mke yalihesabiwa kuwa ya mume mpaka Aprili 1990. Kwa miaka mingi kifungu cha 45 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya kilisema hivyohivyo kuhusu mke anayeishi na mumewe. Ndiyo sababu mtu aliyekulia kwetu akisikia "ritani ya pamoja" anadhani ni ritani ya mume ambamo mke ametajwa. Kule si hivyo. Ni ritani ya watu wawili wenye haki sawa na deni sawa, na isiposainiwa na wote wawili si ritani.

Majimbo ya mali ya pamoja bado yapo tisa: Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin. Aliyejaza peke yake akiwa Texas alitakiwa, kwa kawaida, kuandika nusu ya mapato yake na nusu ya mapato ya mwenzake. Wengi hawakufanya hivyo. Kugeuza ritani kuwa ya pamoja kunamaliza tatizo hilo kwa mkupuo, maana nusu mbili zinarudi kuwa kitu kizima.

Mke yuko Mombasa, mume yuko Dallas

Kwa wasomaji wa ukurasa huu pengine hili ndilo lililo karibu zaidi. Ritani ya pamoja hairuhusiwi ikiwa mmoja wa wanandoa si mkazi wa Marekani kwa hesabu ya kodi. Lakini sheria inawapa chaguo: wanaweza kutamka kwa maandishi, kwa saini za wote wawili, kwamba yule wa nje ahesabiwe kuwa mkazi. Chaguo hilo linaweza kufanywa hata kwa ritani ya marekebisho, mradi muda haujapita.

Bei ya chaguo hilo ni kwamba mapato yote ya mwenzi wa nje, popote duniani, yanaingia katika ritani ya Marekani. Pango la vyumba vya Kisauni, faida ya duka, gawio la Safaricom, riba ya hati fungani: vyote. Kodi aliyokwisha kulipa Kenya au Tanzania inaweza kuhesabiwa kama nafuu ili asitozwe mara mbili, ingawa nchi hizo mbili hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Lakini nafuu hiyo inafuata kiasi kilicholipwa kweli. Gawio la mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 tu, na Marekani inaweza kudai kilichobaki mpaka kiwango chake. Mke asiye na kipato nyumbani ni faida tupu kwenye hesabu. Mke mwenye nyumba nne za kupangisha anahitaji kalamu na karatasi kwanza.

Chaguo hilo likishafanywa linaendelea mwaka hadi mwaka mpaka livunjwe, na likivunjwa wawili hao hawawezi kulifanya tena.

Mwenzi asiye na namba ya hifadhi ya jamii ataomba namba ya mlipa kodi kwa Fomu W-7, inayoambatishwa kwenye ritani pamoja na pasipoti yenyewe au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa. Wapo mawakala waliosajiliwa na IRS ambao wanaweza kukagua pasipoti bila kuituma kwa posta, na aliye na safari karibuni awatafute hao. Kuna mtego mmoja hapa tangu sheria ya mwaka 2015: nafuu ya watoto na ile ya masomo haziwezi kudaiwa kwa kurudi nyuma kwa kutumia namba ambayo haikuwepo wala kuombwa kabla ya siku ya mwisho ya ritani ya mwaka husika. Kiasi kikubwa kisichotozwa na viwango vya ritani ya pamoja mtapata. Nafuu hizo msizitie kwenye hesabu mapema.

Saini ya pili

Sasa upande ambao wajazaji wa ritani hawautangazi. Anayesaini ritani ya pamoja anabeba kodi yote ya wawili, si nusu. Ikiwa mume ana lori lake, analipwa sehemu kwa fedha taslimu na hakuandika zote, IRS ikigundua miaka miwili baadaye inaweza kumdai mke kila kitu: kodi, riba na adhabu. Talaka haifuti deni hilo. Hati ya mahakama inayosema "mume atalipa kodi" inawafunga wao wawili, haiifungi IRS.

Aliyejaza peke yake mwanzoni alikuwa na kinga kamili. Anapokubali kugeuza ritani anaivua kinga hiyo kwa hiari yake, kwa mwaka ambao umekwisha pita na ambao mapato ya mwenzake ameyaona kwenye karatasi tu. Kama kuna mahali pa mwanamke, au mwanamume, kusema "nionyeshe kwanza vitabu," ni hapa. Marejesho ya dola 3,300 si fedha nyingi mbele ya deni la dola 30,000 usilolijua.

Sheria ya mwaka 1998 ilipanua nafuu kwa mwenzi asiye na hatia. Anaomba kwa Fomu 8857 na anatakiwa kuonyesha, pamoja na mengine, kwamba hakujua wala hakuwa na sababu ya kujua kuhusu upungufu huo. Nafuu hiyo ipo na watu huipata, lakini huombwa, hupingwa na huchukua muda. Isitegemewe kama bima.

Jambo jingine linalochanganywa na hilo ni deni la zamani la mmoja: matunzo ya mtoto, mkopo wa masomo wa serikali, kodi ya nyuma. Marejesho ya pamoja yanaweza kukamatwa kulipia. Mwenzi asiyehusika na deni hilo anaweza kudai fungu lake kwa Fomu 8379, na ni busara kuituma pamoja na ritani ya marekebisho badala ya kungoja fedha zichukuliwe.

Na kwa wale wanaoambiwa kwamba ritani ya pamoja inasaidia faili la uhamiaji: ni kweli kwamba ni moja ya vielelezo vinavyotolewa kuonyesha ndoa ni ya kweli. Lakini inasainiwa chini ya kiapo, na deni lake ni deni la kweli.

Karatasi zenyewe

Fomu ni 1040-X, moja kwa kila mwaka unaorekebishwa. Ina safu tatu. Safu ya A inachukua tarakimu za ritani ya mmoja wenu kama ilivyowasilishwa, au kama IRS ilivyoirekebisha. Safu ya B ni mabadiliko, na humo ndimo tarakimu zote za ritani ya mwenzako zinapoingia, pamoja na marekebisho mengine yoyote. Kama mwenzako hakuwahi kuwasilisha ritani, mapato yake na makato yake yanaingia humohumo. Safu ya C ni jumla. Kosa la kawaida ni kujaza fomu mbili, mume yake na mke yake. Ni moja tu. Kwenye sehemu ya maelezo sentensi mbili zinatosha: kwamba mnabadili kutoka ritani mbili kwenda ritani ya pamoja, na namba ya kodi ya mwenzako ni ipi.

Marejesho ambayo kila mmoja alikwisha kupata kwenye ritani yake ya kwanza yanaondolewa katika hesabu mpya. Mke aliyerudishiwa dola 600 mwezi wa Machi asishangae kuona hundi ya pamoja imepungua kwa kiasi hicho.

Subirini ritani za kwanza zishughulikiwe kabla ya kutuma marekebisho. Tangu mwaka 2020 fomu hii inaweza kutumwa kwa kompyuta, na tangu Februari 2023 anayeituma kwa njia hiyo anaweza kulipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Fuatilieni baada ya kama wiki tatu, si kabla. IRS inatoa muda wa kawaida wa wiki 8 mpaka 12, na inaweza kufika 16.

Jimbo nalo lina ritani yake. Texas na Washington hazitozi kodi ya mshahara, lakini wale wa mfano wetu wa Minnesota watajaza pia Fomu M1X, na aliye California au Maryland atakuwa na ya kwake. Hesabu ya jimbo ifanywe kabla ya kusaini ya taifa. Ikionekana kwamba inayorudishwa na Washington DC inadaiwa kwa sehemu na jimbo, mtajua mapema, wakati bado ritani mbili ziko kama zilivyo.

Vikusanyeni hivi kabla ya kwenda kwa mhasibu: nakala za ritani zote mbili, fomu za mishahara, barua zote za IRS za mwaka huo, cheti cha ndoa, na tarehe halisi ambayo kila ritani iliwasilishwa. Mhasibu asiyeuliza kuhusu tarehe hizo, tafuteni mwingine.